Njiti za Mzee Mbaruku

Usiku ule wa kuamkia maonyesho ya ofisi yetu, Mzee Mbaruku alinijia ndotoni, ilhali mazishini kwake nilikuwepo. Yeye ndiye msanifu majengo aliyeianzisha ofisi na kunifundisha kuchora ramani. Alikuwa na desturi yake: kila modeli, yaani jengo dogo la kadibodi, ikikamilika, husimamisha njiti ya kiberiti katika chumba cha ndani kabisa, kisha huitembeza kwa kidole mpaka nje. "Mtoe mtu kwanza," husema, "ndipo uniambie jengo ni zuri." Tulikuwa tukimcheka chinichini. Kwa ajili ya maonyesho tuliziondoa njiti zote, modeli zionekane safi kwenye picha.

Katika ndoto nimo ukumbini peke yangu. Modeli zimepangwa mezani, taa zinawaka, na kuna harufu ya godoro linaloungua. Mzee ameliinamia bweni la wasichana, lile ambalo mkandarasi anaanza kuchimba msingi wake Jumatatu. Pamba bado zimo puani mwake.

"Shikamoo, Mzee."

Haitikii. Hajawahi kuninyima marahaba maisha yake yote, na hapo ndipo hofu inaponishika. Anasimamisha njiti kwenye kitanda cha mwisho, ghorofa ya juu.

"Mtoe."

Naigusa njiti, na mara mimi ndiye niliye ndani. Kuta za kadibodi zimenizidi kimo, moshi unashuka, nyuma yangu wasichana wanakohoa na kunivuta nguo. Nateremka ngazi ya nyuma, naufikia mlango niliouchora kwa mkono wangu, nausukuma. Unafunguka kiasi cha kupitisha mkono tu, kisha unagota. Nje limekaa tangi la maji. Tulilihamishia huko wiki iliyopita, lisiharibu sura ya jengo kwa mbele.

Nasukuma tena. Wasichana wameacha kukohoa, na kimya chao kinaniogopesha kuliko moto wenyewe. Nainua macho. Paa halipo, kuna uso wa Mzee, mkubwa, umelowa machozi.

"Zawadi, mwanangu," anasema, "watoto hawa usiniletee huku."

Nikaamka nimelowa jasho, mkono ukiwa bado unasukuma ukuta. Nilimpigia simu Hamisi, mwenzangu wa ofisini, aliyelala ukumbini kulinda modeli.

"Ndoto tu hiyo, dada. Uchovu wa maandalizi. Hebu lala."

"Chukua njiti, Hamisi. Anzia kitanda cha mwisho juu, pita ngazi ya nyuma."

Alinung'unika, lakini nikasikia kiberiti kikitikiswa, kisha viatu vyake vikielekea mezani. Kisha njiti ikawa inakwaruza kadibodi, ngazi baada ya ngazi. Nilikuwa nikiomba aniambie nimechanganyikiwa.

"Dada," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana, "haitoki."

Nikamwambia asiliweke bweni lile mbele za watu, na kabla hapajakucha nikaanza kuitafuta namba ya mkandarasi.