Shimo Kama Kisima

Majirani wa Kalangalala, mjini Geita, hawakuwa na hakika Rhoda anauza nini. Chumba chake cha mbele, ambacho wengine mtaani wangekifanya saluni au duka la vocha, kilikuwa na meza, kompyuta, feni na viti viwili vya plastiki, basi. Mama aliyekuwa akikaanga mihogo ng'ambo ya barabara alimuuliza siku moja, "Mama Loveness, nisamehe, lakini hapo kwako mtu akiingia na hela anatoka na nini?"

"Anatoka na maneno."

"Maneno si ninayo hata mimi, tena ya bure."

"Yako ya bure ndiyo yanayogombanisha watu. Yangu yanawekwa kwenye mtandao."

Yule mama akacheka, akarudi kwenye karai lake. Rhoda alicheka pia, ingawa ndani alijua kwamba hata yeye hangeweza kuieleza vizuri zaidi kazi yake. Alikuwa mzaliwa wa Kolandoto, mtoto wa mama aliyefua mashuka ya hospitali mpaka mikono ikabadilika rangi. Alisomea uandishi wa habari chuoni, akasoma taarifa kwenye redio ndogo mjini Shinyanga, na redio ilipopunguza watu akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mumewe alikuwa ameshaondoka kitambo kufuata rashi, pale watu wanapokurupuka kukimbilia kijiji kilichosikika kimetoa dhahabu. Akatoka rashi hii akaingia ile, na katika mojawapo akapata nyumba nyingine. Rhoda akahamia Geita na mwanawe na kile kitu kimoja alichokiamini, kwamba Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

Wenye maduka walitaka tovuti, na tovuti zinataka maandishi. Kwa muda aliandika mwenyewe. Kazi zilipomzidi akatafuta waandishi wa kujitegemea, yeye akiwaita deiwaka wake, kwa kuwa kila mmoja alilipwa kwa kipande alicholeta. Aliwapata kwa tangazo la WhatsApp. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia, walimu wasio na ajira, wahitimu wa vyuo, na mmoja alijitambulisha kama mshairi. Akawapa wote jaribio moja, waandike kuhusu soko wanalolifahamu. Akafungua kazi ya kwanza, ikaanza na "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Akafungua ya pili, nayo ikaanza hivyo hivyo. Hata mshairi naye ulimwengu wake ulikuwa unabadilika kwa kasi. Hao wote walikuwa wameiagiza mashine ya akili bandia iwaandikie, na mashine haikujua soko lolote.

Ni Kudra peke yake aliyeandika mwenyewe. Kudra alikuwa binti wa Tanga, hawakuwahi kuonana ana kwa ana, na aliandika juu ya soko la samaki kwa namna iliyomfanya Rhoda asogeze kiti karibu na meza. Akamchukua. Alipopata kazi ya Athanas, mwenye duka la pampu na mipira ya maji, alimpa Kudra.

Athanas alikuwa amemwambia, "Dada Rhoda, wateja wangu ni wachimbaji wadogo. Sitaki Kiswahili cha kukopi. Nataka mtu wa duarani, aliye shimoni, akisoma aone anaongea na mwenzake."

Ukurasa ulipotoka ulikuwa mzuri mno. Uliitwa "Duara Limejaa Maji, Ufanyeje?" Athanas aliusifu kwa simu, Rhoda akamsifu Kudra, Kudra akatuma kikaragosi cha mtoto anayecheza. Kila mtu akalala na furaha yake.

Halafu ikapigwa simu kutoka namba ngeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Charles, mkuu wa duara huku mbele ya Katoro. Namba nimeitoa kwenye tovuti ya pampu. Nataka kuwashukuru. Sisi hapa maji yametushinda. Pampu ya petroli tunayo, lakini ukiiweka juu hainyonyi, maji yako chini mno. Sasa nimesoma kwamba inashushwa kwa kamba hadi karibu na maji ndipo inawashwa. Nilikuwa nauliza, hiyo kamba mnauza, au tutumie yetu ya kupandishia mawe?"

Rhoda, aliyeweka namba yake kwenye tovuti zote alizozihudumia, alifungua kinywa amjibu kama anavyojibu wateja wote. Kitu kikamzuia. Zamani, redioni, aliwahi kusoma habari ya wanaume waliokufa duarani, na neno moja katika habari ile lilikuwa moshi.

"Charles, usishushe kwanza. Ngoja niulize, nakupigia."

"Haya mama. Ila vijana wameshaanza kufunga."

Akampigia Athanas. Athanas akasema, "Pampu ya petroli? Ndani ya duara? Rhoda, ile inakaa juu, nje, kwenye upepo. Moshi wake mle ndani hauna pa kwenda. Mtu anasinzia tu, hapigi hata kelele. Inayoshushwa ni ya umeme, ya visima."

"Ukurasa si uliusoma wewe."

"Nilisoma jina la duka," Athanas alisema. "Na wewe je?"

Rhoda akakata simu. Yeye alikuwa amesoma nukta na mikato. Aliufungua ukurasa, na sentensi ile ilikuwa pale imekaa kwa utulivu: "Shusha pampu yako taratibu kwa kamba hadi ikaribie maji, kisha iwashe." Hata sasa aliona ilivyo nzuri. Akaifuta. Akampigia Charles, hapatikani. Akarudia, hapatikani. Katikati ya kurudia akapanda juu kwenye mazungumzo yake na Kudra, akitafuta ni wapi lilipoingia kosa, na pengine, Mungu amsamehe, akitafuta kwamba ni la Kudra.

Kudra alikuwa ameuliza, "Dada, duara ni nini? Mimi ninalijua la hesabu." Na Rhoda, akiwa na haraka, alikuwa ameandika alama za kicheko, kisha: "Shimo la kuchimbia dhahabu. Shimo tu, kama kisima."

Kama kisima. Binti wa watu alikwenda akatafuta maji hutolewaje kisimani, akaandika alichokikuta, kwa uaminifu.

Rhoda alifunga mlango bila kuzima feni. Akamwita bodaboda wa kona, wakashika barabara ya Katoro. Njiani alijaribu simu mpaka mkono ukafa ganzi, na kila alipofumba macho kukwepa vumbi alimwona mtu asiyemjua amekaa kwenye giza, ameegemea ukuta wa mawe, anasinzia. Aliomba. Hakuomba kwa mpangilio. Alisema tu pampu isiwake, kamba ikatike, petroli iishe.

Huko Katoro walivuka soko lote wakiulizia duara la Charles, na muuza viatu ndiye aliyewaelekeza njia ya vumbi jekundu. Walipofika Rhoda alikuta vibanda vya maturubai, chungu za kifusi na wanaume kadhaa wamezunguka mdomo wa shimo. Kamba ilikuwa imekaza kuelekea chini.

"Imewaka?" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Pampu imewaka?"

Mwanaume mfupi mwenye kofia ya sufu aligeuka. "Bado. Magesa ndiyo yuko chini anaikalisha. Wewe ni nani?"

"Ni mimi uliyenipigia. Wewe ndiye Charles? Mtoe huyo mtu. Msiwashe."

Akasogea, na mwingine, mrefu, aliyeitwa Masele, akamkingia mkono. "Mayu, mama, hapo basi. Mwanamke hasogei mdomoni mwa duara. Mawe yenye dhahabu yanakimbia."

"Mawe yakimbie. Kuna mtu chini."

"Yuko salama," Masele alisema. "Anasubiri tumpe ishara avute kiwashio."

Charles alimtazama Rhoda toka viatuni hadi kichwani. "Simuni ulisema unauliza. Sasa umekuja. Mwenye duka ndiye kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Ile habari ni ya uongo, Charles. Pampu ya petroli haishushwi. Moshi utamuua Magesa."

"Haiwezi kuwa uongo," Charles alisema, bila ukali, kama mtu anayemwelewesha mgeni. "Imeandikwa vizuri sana ile."

Akatoa simu. Mtandao ulikuwa haushiki pale bondeni, lakini ukurasa ulibaki kwenye kioo kama alivyouacha, na sentensi ilikuwemo. Akamsomea kwa sauti, kwa lafudhi ya Kisukuma iliyozilainisha r zote, na Rhoda akasikia maneno yaliyopita mikononi mwake yakitoka kinywani mwa mtu anayeyaamini.

"Ni mimi niliyeyaweka hayo," alisema.

Wanaume wakacheka. Masele alicheka zaidi. "Mwenye mtandao kaja na bodaboda. Kesho atakuja mwenye benki na baiskeli."

"Mimi naona katumwa na duara la jirani," mmoja alisema. "Wanataka maji yatushinde tuhame."

Kamba ikatikisika mara mbili. Magesa alikuwa anauliza kutoka chini.

"Mwambieni asubiri," Rhoda alisema. "Nawaomba. Mtandao unashika wapi hapa?"

"Juu ya kifusi."

"Charles, twende juu ya kifusi. Nikishindwa kukuonyesha, fanyeni mtakavyo."

Charles alisita, akawaambia wenzake wasubiri. Wakapanda, mawe yakiteleza chini ya viatu vya ofisini vya Rhoda. Juu kabisa simu ya Charles ikapata mtandao, ukurasa ukajipakia upya, na sentensi ikawa haipo.

"Unaona? Nimeifuta," Rhoda alisema.

Uso wa Charles ukakunjamana. "Wameitoa. Ndivyo walivyo. Wakiona kitu kinamsaidia maskini wanakificha." Akageuka kuwapungia wa chini.

Rhoda akamshika mkono. Hakuwa na haki ya kumshika mkono, lakini alimshika. "Niangalie. Nitaandika jina lako hapo. Nikiweza kuandika jina lako, utajua ni mimi?"

Alichapa kwenye simu yake, akafuta, akachapa tena. Mtandao ulikaa ukizunguka, ukazunguka, ukakatika. Akarudia. Chini kamba ikatikisika, na mtu akapaza sauti kuuliza kama iwashwe. Charles aliinua kiganja, subiri, bila kuondoa macho kwenye kioo chake.

Ukurasa ukafunguka. Juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari, paliandikwa: "Charles wa Katoro, usishushe pampu ya petroli duarani. Moshi unaua. Mtoe Magesa."

Charles alisoma akitembeza midomo. Akasoma tena. Alipoinua macho hakuwa na hasira, na Rhoda angependelea hasira.

"Kumbe inaandikwa tu hivi," alisema.

"Inaandikwa tu hivi."

"Na mtu yeyote."

Charles aliteremka kifusi akipiga kelele kwa Kisukuma, na wanaume wakashika kamba. Pampu ilitoka kwanza, baridi, ikiwa haijawaka hata kidogo. Magesa akafuata, mwanaume wa makamo aliyepakaa tope hadi masikioni, akilalamika kwamba wamemweka majini kama chura halafu hawasemi chochote. Rhoda alikaa chini pale pale alipokuwa. Alilia bila sauti, na kwa kuwa wale hawakujua wamfanyeje, mmoja alimletea maji ya kunywa kwenye kikopo.

Masele alikuwa amesimama kando anapekua simu yake.

"Sasa mbona kwangu bado ipo?" aliuliza.

"Huna mtandao. Panda juu, itabadilika."

"Nimeshapanda nikarudi." Akamwonyesha.

Haukuwa ukurasa. Ilikuwa picha ya ukurasa, mtu ameipiga kwenye kioo cha simu yake na kuituma, na juu yake palikuwa na alama kwamba imeshasambazwa mara nyingi. Sentensi ilisomeka vizuri, kila mkato mahali pake. Rhoda aliigusa kwa kidole, kana kwamba ingefutika.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye grupu letu la wakuu wa maduara. Kila mtu kaipenda. Wengine nao wana magrupu yao, huko Nyarugusu, huko Bukombe, hata Kahama."

"Wote wana pampu za petroli?"

"Nani hana? Msimu huu maji yako kila shimo."

Charles alikuwa amesogea, anasikiliza. "Andika kwenye grupu," alimwambia Masele. "Sema ni uongo."

Masele akapanda kifusi, akaandika, akangoja. Baada ya muda alisoma jibu kwa sauti kutoka kule juu, bila kicheko safari hii. "Kuna mmoja anauliza, wewe Masele na tovuti, nani wa kuaminiwa? Anasema wenzake wameshashusha tangu asubuhi."

Rhoda akasimama. Alipanda kifusi kwa mikono na miguu, akanyang'anya simu, na jina la aliyejibu lilikuwa Mabula tu, halikuwa na mahali. Akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena, ikaita.

"Huyu yuko wapi?" aliuliza.

"Simfahamu kwa sura," Masele alisema. "Grupuni tunafahamiana kwa namba."

Rhoda akatoa simu yake, akaikalisha juu ya jiwe kando ya ile ya Masele iliyokuwa ikiendelea kuita.

"Nitajie mwingine," alisema. "Anza wa juu, nitajie namba, na usiruke hata mmoja."