Kabla Hujampeleka Rukia Pwani

Nnaikumbuka siku moja ya mwisho wa Shaabani, mwanangu Suleiman, na leo nnaikumbuka kwa sababu yako, maana jana umenikera. Kaa hapo. Chai utakunywa, haikimbii.

Mkeo alipokuuliza kama binti yenu Rukia aende kwa yule mwanamke anayewafundisha watoto wa kike kuogelea kule Bububu, ulicheka, ukasema, "Mtoto wa kike aogelee aende wapi?" Nikanyamaza, sikutaka kukuvunjia heshima mbele ya mkeo. Sasa tuko wawili, na Jumamosi unawachukua wote Matemwe kuvunja jungu. Basi nisikilize.

Mimi nilikuwa kigori, tukikaa Malindi ya hapa mjini Unguja. Kila mwaka mwezi wa kufunga ukikaribia, ukoo mzima tulikodi gari tukaenda pwani kutwa, kuvunja jungu, kula na kucheka kabla ya Ramadhani. Mwaka ule tulikwenda Matemwe huko huko. Dada yangu Zuwena alikuwa aolewe baada ya Idi, na somo yake, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akimfunda mambo ya unyumba, tulikwenda naye. Wewe Zuwena humjui. Picha zake mama alizificha, na mimi sikuwahi kuwa na moyo wa kuzitafuta.

Wanawake tulikaa upande mmoja, wanaume upande wa pili nyuma ya mivinje, wasituone tukiingia majini. Ndiyo adabu, na siilaumu. Tukaingia na kanga zetu, maji ya kiuno, tukirushiana, huku wengine wakipiga ngoma na vigelegele mchangani. Hata mmoja wetu hakujua kuogelea. Kaka zetu walikuwa wakipiga mbizi Forodhani tangu wadogo. Sisi tulizaliwa nyumba ile ile, tukaambiwa bahari ni ya kuitazama dirishani.

Maji yalikuwa yanajaa. Zuwena akawa anarudi nyuma, anacheka, mpaka akafika pale ngalawa zinapopita, mchanga unapokatika ghafla. Akazama. Akaibuka, akazama tena. Kanga zilishamfunga miguu. Sisi tulidhani anatutania. Tulipojua hatanii tukapiga kelele, lakini kelele tulikuwa tunapiga tangu asubuhi.

Nikatoka mbio kuwaita wanaume. Shangazi akanidaka mkono.

"Utakwenda mbele za wanaume umeroa hivyo? Vaa kwanza."

Mwanangu, nililitafuta buibui langu kwenye lundo la mabuibui, yote meusi, yote sawasawa. Nikavaa, ndipo nikakimbia.

Kaka Mbarouk nilimkuta amekaa, ameipa bahari mgongo. Hapakuwa na muogeleaji hodari kama yeye pale. Zile kelele alizisikia zote tangu mwanzo, na mwenzake mmoja alipotaka kusimama atazame, yeye ndiye aliyemwambia, "Kaa chini bwana, tusiwachungulie wanawake." Alimtoa dada yake kwa mikono yake mwenyewe, wala hapakuwa mbali. Alishachelewa. Huyo ndiye mjomba wako unayemcheka kwa kuwa mtu wa kisiwani asiyekanyaga pwani. Sikukwambia kwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe hataki lisemwe.

Jioni nyumba ilijaa watu, na kila aingiaye anasema ni kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa nikipeleka ndoo za maji mlangoni mwa chumba alimokuwa akioshwa. Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa akimwosha. Nikaona mkono wake umesita.

"Nimemfundisha kukaa," akasema, taratibu kabisa. "Nimemfundisha kutembea, kupika, kusema na mume. Tumezungukwa na maji pande zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfundisha kuelea."

Shangazi akamwambia, "Mwanaidi, usikufuru. Ni kazi ya Mungu."

"Ya Mungu naijua," akajibu. "Mimi nasema yetu."

Kisha akaendelea kumwagia maji. Shangazi naye, maskini, aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Kila tukikutana alikuwa akinishika mkono pale pale aliponidaka, akaushikilia. Sikuweza kumchukia. Alifanya alivyofunzwa, na mimi nilifanya nilivyoambiwa, na kaka yangu alifanya la adabu, na dada yangu tukamzika.

Sasa wewe umeuliza mtoto wa kike aogelee aende wapi. Aende nyumbani, mwanangu. Aogelee arudi kwa mama yake.

Mshonee nguo ndefu, mfunge kitambaa, mpeleke saa ambazo watu hawapo, afundishwe na mwanamke mwenzake. Yote hayo nayakubali, na akienda ovyo mimi ndiye wa kwanza kumkemea. Kuona haya ni kitu kizuri, sijapata kusema vingine. Lakini haya ni ya mtu aliye hai. Jumamosi hii Rukia hajajua kuogelea, kwa hivyo atachezea maji ya kifundo cha mguu, na wewe utakaa upande unaoiona bahari, usinipe visingizio. Na mahali popote ukisikia sauti ya mwanamke imebadilika, geuka, nenda. Radhi utaomba baadaye, na mwenyewe atakuwepo wa kukusamehe. Idi ikipita, mpeleke Bububu. Ukiona tabu kumpeleka, nitampeleka mimi, na magoti yangu haya.

Haya, chukua chai yako. Mwenyezi Mungu akufungulieni njia Jumamosi, akulisheni, akuchekesheni, na jioni akurudisheni nyote kama mlivyotoka. Ramadhani ikukuteni hamjapungua hata mmoja. Sema amin, mwanangu. Iseme nikusikie.