Mikanda ya Shangazi

Katibu muhtasi wa ofisi yetu ya maji sote tulimwita Shangazi, bosi akiwemo, ingawa hakuna aliyekuwa na undugu naye hata wa kusingizia. Mimi nilikuwa karani wa masjala, meza yangu ikitazamana na yake. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na nikayanyamazia kwa hiari yangu.

Shangazi alikuwa na kilio kimoja tu duniani: chai. Alilea watoto wake, akalea wa dada yake, akamuuguza mama mkwe asiyeridhika hata akiwekewa mto juu ya mto, na katika miaka yote hiyo hakukumbuka kikombe alichokinywa mpaka mwisho kikiwa cha moto. Akikaa tu, anaitwa. Akirudi, chai imepoa na imevaa utando. Kazini nako mambo yalikuwa yale yale, maana bosi wetu alikuwa bingwa wa kuita. Aliita kutaka barua, akaita kuibadilisha, kisha akaita kuuliza kwa nini ile ya kwanza imebadilishwa.

Siku moja Shangazi akapakua saa. Ilikuwa programu ya bure, saa ya kukaa kwenye kioo cha kompyuta, yenye paka anayetikisa mkia. Wakati wa kuiweka, kompyuta ilimuuliza maswali chungu nzima, naye, aliyelelewa akijua kwamba kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu, akabonyeza "Nakubali" mpaka maswali yakaisha. Paka akaja. Lakini hakuja peke yake. Juu ya dirisha la mtandao kulikuwa kumejilaza mkanda wa vitufe ambao hakuna aliyeualika: tafuta hapa, jua hali ya hewa, cheza karata.

Asubuhi iliyofuata kompyuta, kwa uzito wa mzigo huo mpya, ilichukua muda wake kuamka. Bosi akaita kutaka barua. Shangazi akamjibu, bila chembe ya uongo, kwamba mashine bado inafikiria. Bosi akarudi kukaa. Shangazi akashika kikombe, akanywa, akanywa tena, na alipofika mwisho akakitazama ndani kama mtu aliyeokota pete. Chai ilikuwa bado inachoma ulimi.

Tangu hapo akawa mkusanyaji. Akapakua programu ya kupamba picha, ya nyota za kuzaliwa, ya kumkumbusha mtu kuvuta pumzi. Hakuzifungua hata moja. Alichokitaka ni mikanda inayodandia humo. Akikutana na kisanduku chenye tiki, alikiacha na tiki yake kwa heshima zote. Mikanda ikapangana juu ya dirisha mpaka barua pepe za bosi zikawa zinasomeka mistari miwili miwili, chini kabisa ya kioo. Mimi nilimtazama nikijifanya napanga mafaili, na kusema kweli nilizidi kumpenda. Wala kazi haikulala. Akishamaliza chai yake vidole vilikuwa vinakimbia, na barua zote zilitoka kabla ya mchana.

Hatimaye bosi alichoka kusubiri, akamwita fundi wa kompyuta. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeijua kazi yake, na hilo ndilo lililoniudhi. Alipofungua lile dirisha alishika kiuno. Akauliza nani ameweka vitu vyote hivi, Shangazi akamjibu kwamba yeye alikubali tu. Fundi akaifuta mikanda mmoja mmoja, akitaja majina kwa sauti, mpaka akamfikia paka. Shangazi akageuza uso.

"Mama, ukiweka kitu cha bure, soma kwanza, halafu toa tiki," fundi alimwambia. "Hizi takataka zinapitia hapo."

"Nimekusikia, baba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kompyuta sasa ilikuwa inaamka kabla hajaweka mkoba chini. Bosi akafurahi, akarudia kuita kwa nguvu mpya. Chai ya Shangazi ikawa inaishia kwenye chungu cha ua pale mlangoni, na lile ua likawa linakunywa kuliko sisi sote. Mwenyewe akapoteza utani. Nilipomnong'oneza kwamba naweza kuimwagia mashine maji kwa bahati mbaya, alinikata jicho akaniambia ile ni mali ya umma. Roho iliniuma kumwona vile.

Kumbe makao makuu nao walikuwa na macho. Waliona tawi letu linajibu barua saa ile ile, wakaanza kuuliza mengi zaidi. Baadaye wakawa wanatutumia hata maswali ya matawi mengine, eti kwa kuwa sisi ni wepesi. Mwitaji akawa naye anaitwa. Simu yake haikunyamaza, na mchana alikula amesimama.

Siku moja, saa ya chai, bosi hakuita. Alitoka mwenyewe ofisini kwake, ameshika kikombe, na juu ya ile chai niliuona utando. Akanitupia jicho. Nikainamia mafaili.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "yule paka wako, ulimpata wapi?"

Shangazi hakucheka, na mpaka leo sijui alijizuiaje. Alimpokea kikombe, akakimwaga kwenye ua, akamfuata ofisini kwake. Mlango ulibaki wazi. Nilisikia vitufe vikibonyezwa, kisha bosi, msomi wa watu, akaanza kusoma masharti kwa sauti, neno kwa neno.

"Usisome, bosi," Shangazi akamwambia. "Kubali tu. Na hiyo tiki iache hapo hapo ilipo."

Mimi nikainuka kwenda kubandika birika.