Fundo la Ng'ombe wa Jirani

Mpaka leo, nikiamka mahali popote, hata hotelini ghorofa ya tatu, sishuki kitandani kama watu wengine. Nateremsha mguu mmoja polepole, naigusa sakafu kwa kidole gumba, na nikishajua kwamba ni kavu ndipo nakanyaga. Mume wangu alicheka mpaka akazoea. Watoto wanasema mama anapima baridi ya sakafu, nami nawaacha waseme. Wewe rafiki yangu ukiwa umekulia Kyela, kwenye tambarare ile kati ya milima na ziwa, huna haja ya kuelezwa. Kama hukukulia kule, kaa hapa karibu nikusimulie.

Masika haya nilikwenda nyumbani. Nilipigiwa simu kwamba Mama Ng'ambo hali yake si nzuri, nikaona nisipokwenda kumsalimia sasa nitakwenda kumzika. Bodaboda ilinishusha penye kiwanja cha bibi yangu, na kwa muda sikujua nimefika wapi. Mikakao imepandwa mpaka mlangoni. Kokoa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, inanukia ule uchachu wake, na pale palipokuwa na zizi letu imebaki nguzo moja tu, ina mfereji kiunoni mahali kamba iliposugua miaka na miaka. Niliishika ile nguzo, na moyo ukaanza kunienda mbio, mtu mzima mimi, mvua yenyewe hata haijaanza.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Nyumba yetu ilikaa juu ya kichuguu kipana, ardhi iliyoinuka kidogo tu kuliko mashamba ya mpunga, na zizi lilikuwa chini, karibu na kijito. Kazi zangu zilikuwa za ng'ombe tangu asubuhi. Nilizoa samadi nikaimwaga kwenye mashina ya migomba, nikakata majani, nikawasha moshi wa kufukuza mbu zizini, kisha tukawapeleka kunywa maji mtoni. Kazi hiyo ya mwisho niliichukia kwa moyo wangu wote. Kabla ng'ombe hawajainamisha vichwa, sisi watoto tulipaswa kuyachapa maji kwa mianzi, tupige kelele, ili kama kuna mamba aondoke. Wenzangu waliona ni mchezo. Mimi nilichapa maji nimefumba macho.

Lakini tulikula, jamani. Asubuhi ndizi za kuchemsha na maziwa mgando, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Jioni wali wa mpunga mpya, ule ambao ukiiva kwenye nyumba moja majirani wote wanajua, na usipa wa kukaanga kutoka ziwani. Bibi alipikia chungu kilicholetwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, na siku kilipopasuka alinuna kama amefiwa. Chungu cha kwanza kilichofuata tuliletewa na Mama Ng'ambo. Alikuja nacho kichwani, kimejaa maharage yaliyokwisha kuungwa, akakitua jikoni akasema chungu hakiendi kwa mtu kikiwa kitupu.

Huyo Mama Ng'ambo alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ndiyo maana tukamwita hivyo. Mjane, kama bibi. Moto ukituzimikia tulichukua kaa la moto kwake. Homa ikinishika alivuka kuja kunikanda. Na juu ya hayo yote, yeye na bibi walikuwa wamewekeana ng'ombe.

Kwetu mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja alimpeleka kwa rafiki, na rafiki akamletea wa kwake. Ugonjwa ukiingia kwako, mbegu imebaki kwa mwenzio. Maziwa anakunywa anayefuga, na ndama mnapatana namna ya kugawana. Ng'ombe wetu mwekundu alikaa kwa Mama Ng'ambo, na sisi tulikaa na wa kwake, mweusi mwenye uso mweupe. Ng'ombe huyo alitunyima usingizi kuliko wetu wote. Alipata majani laini, alikaguliwa kupe kila jioni, na akikohoa bibi hali chakula. Bibi alikuwa na msemo wake: "Ng'ombe wako akifa ni hasara. Wa mwenzio akifa mikononi mwako ni aibu, na aibu haina tanga la kuisha."

Sasa sikiliza habari ya mafundo, maana mambo yote yalitokea hapo. Masika ng'ombe wetu walifungwa fundo legevu, la kuvuta mara moja likaachia, ili maji yakija watoke wenyewe. Kila mtu bondeni alifanya hivyo. Lakini ng'ombe wa Mama Ng'ambo bibi alimfunga fundo gumu, la kamba ya katani, lililozunguka nguzo na kurudi. Je, akifunguka usiku akala mpunga wa watu? Akipotea, bibi aende kusema nini? Wetu wakipotea tutawatafuta, huyu hapotei. Hakuna aliyeona kosa hapo, nami sikuona.

Maji ya kwetu yana tabia mbaya. Mvua inanyesha milimani Rungwe, sisi kwetu jua linawaka, nguo zimeanikwa, halafu mto unafika. Mchana mmoja wa masika tulikuwa tunapepeta mchele. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni vyura. Walikuwa wakilia toka alfajiri, wakanyamaza wote kwa pamoja. Bibi akainua kichwa. Kisha tukausikia muungurumo kule juu, na kabla hatujainuka kijito kilikuwa kimekwisha kuacha njia yake na kuingia mpungani.

Ng'ombe wetu walivuta kamba zao wakaja wenyewe mpaka kichuguuni, wakasimama nyuma ya jiko wakitweta. Tukawatazama. Uso mweupe haukuwemo.

"Wa watu," bibi akasema. Akachomoa kisu cha kukatia ndizi kwenye paa la jiko, akajifunga khanga kiunoni, akaniangalia. "Usitoke hapa. Hata nikiita, usije."

Hilo la mwisho ndilo lililoniua. Nilimwona akiingia, maji magotini, maji mapajani. Bibi yangu hakujua kuogelea. Kitu kirefu cheusi kilimpita ubavuni taratibu, na mimi nikapiga ukelele mmoja mpaka koo likakauka, nikidhani ni mamba. Kilikuwa mgomba. Akapotelea ndani ya zizi. Nikawa namsikia ng'ombe tu, akilia mlio ambao ng'ombe halii akiwa na njaa, na mimi nimeng'ang'ania mlango kwa mikono miwili, najisaidia bila kujua. Nilikuwa sina mtu mwingine duniani. Kama maji yangemchukua bibi, ningekuwa mtoto wa nani?

Nilitazama ng'ambo nipige kelele ya kuomba msaada kwa Mama Ng'ambo. Nikamwona. Naye alikuwa majini, panga mkononi, amenipa mgongo, anakwenda kwenye zizi lake. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wamesimama salama barazani kwake. Akainama akaingia mlangoni, akapotea. Pale ndipo niliposhika mambo yote kichwani, mtoto vile. Na yeye alikuwa amemfunga wetu fundo gumu.

Sijui muda ulikwendaje. Katani ikilowa huvimba, fundo halifunguki, na kisu cha ndizi si panga. Yule ng'ombe akanyamaza. Paa la zizi likainama upande, nikafumba macho kama nilivyofumba mtoni, na sikuyafumbua mpaka nilipowasikia ng'ombe wa nyuma ya jiko wakiita. Uso mweupe ulikuwa unakuja juu ya maji, pua imeinuka, na nyuma yake, ameshika mkia kwa mikono yote miwili, bibi yangu, khanga imekwenda, anakohoa. Mpaka leo sijui nani alimtoa mwenzake.

Jioni watu wote wa bondeni tulikuwa shuleni, kwenye mwinuko. Mzee wa duka kutoka Mbugani alikuwa ameleta mchele na sukari kwa mkokoteni, na mke wake anakoroga uji kwenye sufuria za shughuli, anamhimiza kila mtoto amalize. Mama Ng'ambo alifika wa mwisho, anachechemea, anamkokota ng'ombe wetu mwekundu kwa kipande cha kamba. Yeye na bibi wakatazamana. Nilidhani watakumbatiana, lakini waligombana.

"Wewe mwanamke una wazimu? Ungemwacha afe!" bibi akafoka.

"Nimwache wako? Na wewe wangu mbona hukumwacha?"

"Wangu si ungemlipa tu!"

"Nikulipe nini? Nikulipe na uso gani?"

Halafu bibi akakaa chini pale pale kwenye tope, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwenzangu. Ndaga fijo." Na Mama Ng'ambo akaketi kando yake, akamvika khanga yake ya pili. Waliapa mbele yetu kwamba tangu siku hiyo wote watafunga mafundo legevu. Zizi lilipojengwa upya nilikwenda kuangalia. Fundo lilikuwa gumu vile vile. Nikawa naogopa masika kila mwaka mpaka nilipoondoka kwenda kusoma.

Basi masika haya nilimkuta Mama Ng'ambo kitandani, macho hayaoni tena, mikono imebaki mifupa. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, "Ugonile." Akaishika sauti yangu mara moja.

"Mjukuu wa mwenzangu. Ng'ombe wangu hajambo?"

Ng'ombe wa bonde lile wameuzwa zamani, watu wamepanda kokoa. Yule mweusi na wajukuu zake walikwisha kabla bibi hajafa. Sikuweza kumwambia.

"Hajambo, bibi. Anakula vizuri."

"Mawingu yako milimani, nasikia harufu. Umemfunga?"

Nikaiona ile nguzo, nikaliona paa likiinama. "Nimemfunga legevu," nikasema, "ili maji yakija atoke mwenyewe. Mtu asihangaike."

Akanigeuzia uso, na yale macho yasiyoona yakanikalia. "Legevu? Wa kwangu?" Akauachia mkono wangu. "Bibi yako asingenifanyia hivyo."

Mvua ilinikuta njiani nikirudi mjini kwangu. Huku tuna nyumba nzuri, kuta ndefu, geti la chuma. Jirani yangu wa kulia simjui jina, namjua kwa honi ya gari lake. Asubuhi niliteremsha mguu, nikagusa sakafu, ikawa kavu, na bado sikusimama. Nilikuwa nawaza kwamba humu ndani kwangu hakuna kitu cha mtu yeyote kilichofungwa fundo gumu, wala kwa jirani hakuna changu. Maji yakija mtaani kwetu, kila mmoja atatoka na vyake, na akikosekana mtu hakuna atakayegeuka kutazama.