Ukuta wa Kuegemeza Mizigo

"Sasa wewe na diplome yako, utachagua namna gani muntu ya kuchora barabara, kama yeye hajabebaka kitu mugongoni?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi moja akipanga vitunguu. Nilimwambia kwamba mimi sichagui mtu, naandika tu muhtasari wa kikao. Akasema hilo ndilo baya zaidi, kukaa chumbani na kalamu mkononi halafu kudai kwamba hukuwamo.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo kikuu. Barabara ya Kamembe inayotoka kituo cha mabasi hadi sokoni ilikuwa itengenezwe upya, na kabla ya kumtafuta mjenzi ilibidi kuwatafuta wachoraji. Kamati ya watu watano iliundwa ichague timu ya wasanifu, nami nikapewa mkataba mfupi wa ukatibu. Nilipanga viti, nilipiga nakala, niliandika kilichosemwa. Kura sikuwa nayo.

Katikati ya barabara hiyo pana mteremko, na kwenye mteremko pana ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Mgeni ataona ukuta mzee unaozuia udongo usianguke, basi. Lakini wanawake wa Bukavu wanaovuka mpaka kuja kununua mboga kwetu hubeba magunia mgongoni, kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Aliyebeba hivyo hawezi kukaa chini, kwa sababu akikaa atahitaji watu wawili wa kumwinua. Kwa hiyo akifika ukutani anageuka, anakunja magoti kidogo, gunia linakaa juu ya mawe na shingo inapumua. Hafungui kitu. Akitosheka ananyooka na kushika njia ya mpakani.

Mama alibeba hivyo tangu nikiwa darasa la kwanza hadi nilipomaliza sekondari. Magoti yalipomkataa, akaanza kuuza vitunguu palepale ukutani, kwa wanawake waliokuwa wakipumzika. Ukuta ukiondoka, wangepumzika kwingine, naye angebaki na vitunguu vyake na magoti yake.

Kamati ilitaka timu zote zione barabara siku moja, ili isisemwe kwamba mmoja amependelewa. Rais wa kamati, mwanaume nadhifu aliyependa kila jambo lifanye kazi mbili, akachagua Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja za mwisho wa mwezi. Tungesafisha mitaro ya barabara hiyohiyo pamoja na wakazi, na wasanifu wangepima bila kusumbuliwa. Kila mtu alisifu wazo hilo. Nami nilichapa barua za mwaliko bila kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Asubuhi hiyo maduka yalikuwa yamefungwa, pikipiki zimelala, soko kimya. Wasanifu walipima barabara pana, safi, isiyo na mtu ila sisi na majembe yetu. Mmoja alisema hajawahi kufanya kazi katika mji mtulivu kama huu.

Bahasha tatu zilikuja. Kwa utaratibu, hati asilia hufungiwa kabatini na kamati husoma nakala. Mashine ya ofisi ilikuwa imekwisha wino, nikazipeleka kwenye duka la nakala karibu na soko, nikasimama kwenye foleni hadi zikatoka, mafungu matano matano, kila karatasi imechapwa upande mmoja.

Timu ya kwanza, ya ofisi kubwa kutoka Kigali, ilileta kitabu kinene chenye picha za kung'aa. Ya pili ilikuwa ya ukubwa wa kati, ikiongozwa na mhandisi mnene, mcheshi. Ya tatu ilikuwa mwanamke na mwenzake mmoja tu, na ilileta kurasa kumi na mbili za maneno matupu. Wajumbe walicheka. Mmoja aliuliza kama hawa wachoraji wasiochora wanataka tuwachoree sisi. Nilicheka pia, nikaandika kwamba timu ya tatu imeondolewa kwa kutoleta michoro, na hakuna aliyebisha.

Zikabaki mbili. Nilizitazama picha zao nyumbani hadi nikajua kinachoniudhi. Katika picha zote, za timu zote mbili, watu walitembea mikono mitupu. Mahali pa ukuta palikuwa na maua na mabenchi ya chini, yanayofika chini kidogo ya goti.

Kikao cha mahojiano na timu hizo mbili kilipokwisha, niliandika muhtasari kama kawaida, kisha nikaongeza sentensi moja: kwamba timu zote zilionyeshwa barabara siku ya umuganda, ikiwa tupu, na kwamba hakuna aliyeuliza wenye mizigo watapumzika wapi.

Rais aliniita. Alikuwa ameweka kidole juu ya sentensi hiyo kama mtu anayezuia mdudu.

"Mademoiselle, hii utoe."

"Ni uongo, Papa Président?"

"Si uongo. Haina kazi humu."

"Kama si uongo, siitoi."

Akanieleza kwa upole kwamba kazi yangu ni kuandika kilichosemwa, na hili halikusemwa na mtu. Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyoandika, kwamba halikusemwa. Akanikumbusha kuwa mkataba wangu unakaribia kwisha. Hilo nililijua, na sitadanganya kwamba sikuogopa. Lakini muhtasari bila sahihi yangu haukuwa muhtasari, na bila muhtasari hakuna timu ambayo ingepewa kazi. Utaratibu huo hawakuutunga kwa ajili yangu. Nilikuwa tu mtu wa kwanza kuukalia.

Siku tatu nilikwenda ofisini, nikapanga viti, nikakataa kutia sahihi. Wajumbe waliacha kunisalimu. Siku ya nne mjumbe aliyewakilisha wauzaji wa soko, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja, alichoka.

"Twende tuone barabara yenye batu," alisema. "Ama munaogopa batu?"

Ikakubaliwa kuziita timu zote mbili tena, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Ofisi kubwa ya Kigali iliandika kwamba ziara moja inatosha kwa wataalamu. Mhandisi mnene alikuja, akiwa na viatu vizuri.

Sikumwomba mama afanye chochote. Alimwona tu mhandisi amesimama karibu na vitunguu vyake, ameshika ramani, wanawake wakimzunguka kama jiwe mtoni.

"Papa Ingénieur, geuka," alimwambia.

Aligeuka, nadhani kwa adabu. Wanawake wawili wakampandishia gunia mgongoni na kumvisha mkanda kwenye paji. Alipanda mteremko hatua kumi, uso ukibadilika rangi. Mmoja aliyempita akiwa na gunia kubwa kuliko lake alimwambia akaze mwendo, Bukavu iko mbali na watoto wana njaa. Aliporudi anahema, mama alimsogezea kigoda kifupi, kimo cha mabenchi ya picha zake.

"Kaa. Hii ni banc yako."

Akakaa. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena, mikono ikitafuta hewa, na wanawake wakacheka hadi wengine wakaegemeana. Rais wa kamati hakucheka. Walimwinua, wakamgeuza, gunia likakaa ukutani. Halafu, mkanda ukiwa bado kichwani, akaomba futi ya kupimia.

Timu yake ilipata kazi, na katika mchoro wa mwisho ukuta ulibaki, ukaongezewa urefu upande wa chini. Sentensi yangu ilibaki pia. Mkataba wangu haukuongezwa. Niliambiwa nina kipaji, ila si cha ukatibu. Nilipata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya Gihundwe, na kwa miaka mitatu sikumpa mtu nafasi ya kusahau kwamba ukuta ule umesimama kwa sababu nilikataa kutia sahihi.

Nilimwambia hivyo hata mgeni mmoja niliyemkuta kwa mama, akinunua vitunguu na kuupapasa ukuta kwa kiganja. Mama alimfahamu. Alisema huyu dada alikujaga hapa zamani, Jumatatu baada ya ile umuganda, akakaa naye kutwa nzima akichora wenye mizigo. Kumbe alikuwa yule mwanamke wa timu ya tatu. Nikamwambia, kwa upole wa mshindi, kwamba ni bahati mbaya hawakuleta michoro.

Alinitazama kwa mshangao, akaniambia walichapa pande mbili za karatasi ili wasipoteze karatasi bure. Maneno yalikuwa mbele. Ukuta, na mwanamke ameegemeza gunia lake juu yake, ulikuwa nyuma ya ukurasa wa saba.