Nilimrekodi abti akicheza gemu ya duka nikaiweka status, sasa sijui uso niuweke wapi

Wakuu, salaam aleikum. Niko Garissa, mtaa wa Waberi. Humu huwa nasoma tu na kupita, lakini leo nimeamua kuandika, na nitaeleza vile ilivyokuwa, hata zile sehemu ambazo mama yangu hajazijua.

Ni mambo ya mwaka huu huu. Chanzo chake ni gemu ya simu. Wa kucheka mcheke sasa hivi tumalize.

Kuna gemu fulani ya kuendesha duka. Si supermarket, ni lile duka la zamani, la miaka ya tisini. Unapanga soda za chupa, kaseti, betri za redio, mafuta ya taa, peremende kwenye mitungi ya kioo. Kuna TV ya kichogo pale kona. Wateja wanaingia mmoja mmoja, wanaonyesha wanachotaka, unawapa. Ukichelewa wanakunja uso na kuondoka.

Hiyo miaka niliikuta mwisho mwisho, lakini gemu ilinishika. Mimi ni fundi wa simu hapa mjini, nikikosa kazi nacheza.

Sasa nije kwa abti. Kwa wasiojua Kisomali, abti ni mjomba, kaka yake mama.

Abti alikuwa na duka Liboi, pale mpakani, karibu maisha yake yote. Sukari, majani chai, unga, tochi, kamba za kufungia ngamia. Wenyeji walinunua kwake, na pia walimu na maafisa kutoka bara waliopelekwa kufanya kazi kule. Biashara ilipolala kwa sababu mpaka ulifungwa, akavumilia. Halafu mke wake akafariki. Hapo akafunga, akaja kukaa kwetu.

Wakuu, yule mtu hakuwa anaongea. Anaswali, anakula, anakaa kwenye mkeka chini ya ukuta, anatazama lango. Mama akimuuliza kitu anajibu neno moja.

Siku moja mchana nilikuwa nacheza karibu naye. Akasogea. Akatazama. Akaniambia kwa Kisomali, "Hiyo sukari umeiweka mbali na mlango. Mtu wa sukari ana haraka."

Nikahamisha sukari. Wateja wakaacha kukunja uso.

Nikampa simu.

Ile gemu iko kwa Kiingereza na abti hakusoma, lakini haikumsumbua. Mteja akitokea na picha ya soda, anajua ni soda. Kilichonishangaza ni kwamba alianza kuwasalimia. Na aliwasalimia kwa Kiswahili, kwa sababu wale watu wa gemu wamevaa makoti na kofia, akawaona ni watu wa bara. Kiswahili chake ni kile cha sokoni, P anaitamka B kama wazee wetu wengi.

Mama alikuwa akisimama jikoni anamsikiliza, anatabasamu. Akaniambia, "Ameanza kula vizuri." Ikawa kila alasiri anadai simu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku hiyo alinogewa kabisa. Mama mmoja wa kwenye gemu alikuwa anaondoka kwa hasira, abti akamwita, "Bole mama, bole. Rudi. Wewe ni mteja yangu ya siku mingi." Halafu akatokea mzee wa kofia, abti akainua mkono kabisa, "Mwalimu! Umebotea wabi?"

Nilikuwa nimeshika simu yangu ya pili. Nikarekodi. Nilicheka sana.

Nikaiweka status. Na caption niliandika mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha: "Mzee wetu amechizi, anauzia majini sukari."

Nikaongeza vile vikatuni vya kulia kwa kicheko.

Watu wakaipenda. Wakaniomba niwatumie, nikawatumia. Sikufikiria lolote. Nilijiona mchekeshaji.

Wakati huo dada yangu Hibo alikuwa anaposwa. Baba yetu alishafariki, na adeer, kaka mkubwa wa baba, yuko Banissa na ni mgonjwa. Akapiga simu akasema abti ndiye aongee kwa niaba ya familia. Abti alinyoa, akapaka hina ndevu, akavaa kanzu aliyokuwa ameihifadhi kwa sanduku. Asubuhi hiyo alikuwa anarudia maneno yake polepole uani. Sijawahi kumwona hivyo tangu ahamie kwetu.

Wageni wakaja. Wanaume tukakaa sebuleni, chai ya maziwa ya ngamia ikapita. Abti akaanza kwa dua, akaeleza Hibo ni nani, amelelewa vipi. Anaongea vizuri, wakuu. Wale wazee wa upande wa pili walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

Kulikuwa na kijana mmoja, binamu ya bwana harusi. Abti aliponyamaza anywe chai, yule kijana akasema, bila ubaya nadhani, "Mzee, ile sukari ya majini iliisha ama bado iko?"

Wenzake wakacheka. Mzee mmoja naye akacheka akiwa ameziba mdomo.

Abti akatabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Sukari gani?"

Yule kijana akatoa simu akamwonyesha.

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Sikuweza kusogea mbele wala nyuma. Nilisikia sauti ya abti ikitoka kwenye simu, "Umebotea wabi," na watu wakicheka tena. Abti alitazama mpaka mwisho. Akarudisha simu kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu akamgeukia jirani yetu aliyekuwa ameketi kando yake, akamwambia, "Endelea wewe."

Hakusema neno lingine mpaka wageni walipoondoka. Posa ya Hibo ikakubaliwa. Mama akadhani kaka yake amechoka tu.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri aliniita pale kwenye mkeka. Nilijua. Akasema, "Nionyeshe ile video."

Nikamwonyesha. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonimaliza. Akauliza, "Hiyo ndiyo sauti yangu?"

"Ndiyo, abti."

"Nimezeeka."

Halafu akaweka kidole chini ya ile video. "Hapa pameandikwa nini?"

Wakuu, hapa ndipo naona aibu kuliko yote. Nilimdanganya. Nilimwambia, "Imeandikwa, abti yangu ni mfanyabiashara hodari."

Akaitafakari. Akaniuliza kwa upole, kama anayetaka kuelewa kweli, "Basi walicheka nini?"

Nilitazama chini. Mwishowe nikamsomea, neno kwa neno, nikitafsiri kwa Kisomali. Amechizi. Majini. Sukari. Nawaambia, maneno niliyoyaandika kwa vidole bila kufikiri yalikataa kutoka mdomoni.

Akasema, "Yule wa kofia alifanana na mwalimu mmoja wa Liboi. Alikuwa rafiki yangu. Nilijua si yeye."

Akainuka akaenda kuchukua maji ya udhu, na saa ya swala ya magharibi ilikuwa bado.

Nilifuta ile video, lakini mnajua vile hivi vitu huwa. Nilienda kwa kina bwana harusi, nikawaambia wazi kwamba abti ana akili zake timamu, mwenye kasoro ni mimi. Wakasema ni utani tu, nisijali. Yule kijana alikuja mwenyewe kumshika abti mkono. Nami nilimwomba abti msamaha, akasema amenisamehe. Alisema haraka, tukazungumza mambo mengine. Kwenye harusi ya Hibo alikaa mbele na wazee, lakini hakuongea.

Gemu hajaigusa tena. Nilimwachia simu kwenye mkeka mara kadhaa. Anaisogeza kando ili aketi.

Funzo nililopata ni hili. Mtu akiwa na raha yake ndogo mbele yako, hiyo ni amana. Hukupewa uionyeshe watu. Mimi nilimwona mzee anayeongea na picha. Mama aliona kaka yake amerudi. Tulikuwa tunamtazama mtu mmoja.

Mnaotaka kunisema semeni tu, sitajitetea.

Ila kuna jambo moja naomba ushauri. Abti bado ananiletea simu yake nimsomee jumbe za jamaa. Nasoma, anasikiliza mpaka mwisho, halafu ananitazama na kuuliza, "Ndivyo imeandikwa?"

Zamani hakuwa akiuliza. Kama kuna aliyewahi kuulizwa hivyo na mtu wake, akafika siku ambayo hakuulizwa tena, aniandikie hapa alifanya nini.