Siku tatu tulizoacha kuita majina kasho: uzi kutoka Kalemie

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa kwa nyie wa Kigoma.

Nimekuwa musomaji wa kimya humu muda murefu. Leo naandika, na nitasema kweli yote hata pale inaponiaibisha, maana Papa Kisimba nitakayemutaja anasoma jukwaa hili pia. Nikiongeza chumvi atanikamata.

Mutavumilia Kiswahili chetu. Kina mu nyingi na Kifaransa kidogo.

Mimi ni mama mushonaji wa nguo. Pia ni sekretere wa chama kidogo cha haki za binadamu. Tuko watu kumi na wanne, na hatuna kibao mulangoni kwa sababu hatuna mulango. Tunakutana kwenye sale, yaani ukumbi, ya parokia, padri akituhurumia.

Kazi yetu ni moja. Kila asubuhi wawili wetu wanakwenda kasho, yaani mahabusu ya polisi. Wanasimama kwenye dirisha la nondo na kuuliza: nani humu ndani? Kila mumoja anasema jina lake na kwenye alitoka, tunaandika kwenye kaye, daftari letu.

Halafu Mama Feza, muuza ndagala (dagaa zenu) anayejua avenue zote za muji huu, anapeleka habari kwa familia kabla jua halijawa kali. Na kama muntu amepitisha masaa makumi ine na munane bila kupelekwa mbele ya sheria, Papa Kisimba anavaa koti lake la zamani la reli, anabeba kaye, anakwenda kuuliza sababu.

Ni hivyo tu. Hatupigi kelele, hatutukani muntu. Polisi wenyewe wametuzoea, wakituona wanasema, "Watu wa majina wamefika."

Mimi niliingia chama kwa sababu ya mudogo wangu. Alipotea siku mbili, mama yetu akaanza kulia kama tuko matanga. Asubuhi ya tatu, muzee mumoja mwenye koti la reli akabisha hodi, akafungua kaye, akasoma jina la mudogo wangu na la baba yetu. Alikuwa kasho, muzima. Sikujua kusikia jina tu kunaweza kumurudishia muntu pumzi namna ile.

Kwa hiyo wakuu, musije mukanitetea kwamba sikujua thamani ya ile kazi. Nilijua.

Sasa sikieni.

Mwaka jana walikuja wageni wawili wa shirika moja la nje. Watu wazuri, sina neno juu yao. Walisema wanaweza kutusaidia tupate biro, yaani ofisi, na ordinatere, nyie munaita kompyuta, na pikipiki, tukiandika mupango wa miaka mitano: chama hiki ni cha nini na kinakwenda wapi. Walitaka tufanye atelye, nyie munaita semina, tufundishe watu sheria mpaka Manono na Pepa. Kwenda kasho, walisema, ni kazi nzuri lakini haina mwisho, na proje, yaani mradi, lazima iwe na mwisho.

Mimi nilipenda yale maneno. Nilikuwa nimechoka, wakuu. Miaka yote ile, kila asubuhi, dirisha ni lile lile na kasho inajaa tena. Nikasema tunatwanga maji kwenye kinu. Muntu akijua haki yake kule Pepa, si hatafika kasho hata kidogo? Mpaka leo sioni kama yalikuwa mawazo ya kijinga.

Na tusidanganyane, hata hiyo pikipiki niliiwazia.

Tukapanga mukutano wa siku tatu kuamua: tuendelee na majina, au tuyaache tuwe chama cha atelye. Barua ya mwaliko niliandika mimi. Nikaweka kwamba wote kumi na wanne wawepo kuanzia asubuhi, hakuna kutoka, tusikilizane vizuri.

Papa Kisimba alisoma ile barua mara mbili. Akaniuliza polepole, "Na majina, mwanangu?"

Nikamujibu, "Papa, ni siku tatu tu. Majina yatangoja."

Hakubishana. Ni muzee ambaye akikuachia neno lako, anakuachia ulibebe mwenyewe.

Siku mbili za kwanza, wee, tulisema. Tulibandika makaratasi makubwa ukutani, tukachora mishale. Mimi nilikuwa mubele kabisa, Kifaransa kinatoka mpaka nikajishangaa. Saa sita bukari, ugali wenu, na kuku, tunarudi tena. Nusu ya watu walikuwa upande wangu.

Mama Feza alisimama mara moja tu. Akasema, "Mimi sijue mambo ya mishale. Mimi najua kuuliza muntu jina. Mukiacha hiyo, muniambie nitakuwa nafanya nini humu." Akakaa.

Watu walicheka kidogo. Na mimi nilicheka, naona aibu kuandika hapa.

Siku ya tatu mchana tulikuwa tunakaribia kupiga kura. Mulango ukafunguliwa, akaingia mwanamuke mugeni, mutoto mugongoni, sahani imefungwa kwa kitambaa mukononi. Vumbi mpaka magotini. Akasimama karibu na mulango akauliza kama hapa ndipo walipo watu wa majina.

Papa Kisimba akamupa kiti. Alikuwa Mama Sifa, kutoka Mpala, kule chini kwenye misheni ya zamani. Bwana yake, Mukalay, alikuja Kalemie kwa mutumbwi kuuza mahindi. Akakamatwa kwenye musako kwa kukosa kadi, na wenzake wa mutumbwi wakarudi Mpala bila yeye. Mama Sifa akapanda mutumbwi uliofuata.

Pale sokoni wakamuambia asiogope. Aende asubuhi asimame karibu na kasho, watu wa majina wanapita kila siku, watamuuliza na kumusaidia. Polisi yeye alikuwa anawaogopa, hakuthubutu kusogea peke yake.

"Nilisimama jana toka asubuhi," alisema. "Na leo tena. Walisema munakuja kila siku. Nikafikiri labda mumegonjwa wote, nikawaombea."

Hakusema kwa hasira. Alituangalia tu, mumoja mumoja, kama anahakikisha kweli tumepona.

Wakuu, nilitamani anitukane. Makaratasi yangu yako ukutani yamejaa mishale, na huyu mama amesimama juani siku mbili na chakula cha bwana yake kinachacha mukononi, akituombea afya.

Mama Feza hakungoja muntu aseme kitu. Alikuwa ameisha kujifunga kitenge.

Tulitoka wote kumi na wanne, na Mama Sifa katikati. Tulipofika kwenye dirisha, Papa Kisimba akanipa kaye. Nikamuambia, "Papa, ita wewe." Akasema, "Hapana. Wewe mwenyewe njo utaita."

Nikauliza. Ndani hawakusikia, nikauliza mara ya pili: nani humu ndani?

Wakaanza kusema majina. Kumi na mumoja. La tano lilitoka chini, kwa muntu aliyelala: Mukalay, wa Mpala. Alikuwa na malaria, meno yanagongana. Mama Sifa akamuita kwa jina la mutoto wao, Baba Sifa, naye akajaribu kuinuka, akashindwa.

Kijana mumoja aliyekuwa karibu na nondo akaniambia, "Mama, tulimuambia huyu muzee avumilie, asubuhi munakuja. Tulimuambia hivyo siku tatu."

Afisa aliyekuwa na faili lake alikuwa amesafiri, na hakuna aliyeuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yetu.

Papa Kisimba akaingia na koti lake, akaongea kwa heshima kama kawaida yake. Hayakupita masaa mawili Mukalay akatoka, akishikwa huku na huku. Tulimupeleka dispansere. Munganga alimutundikia maji, akasema kama angelala mule usiku mumoja zaidi hajui angetuambia nini.

Alipona, wakuu. Namushukuru Mungu mpaka leo. Nikikaa kwenye cherehani nikikumbuka, naacha mashine kwanza.

Siku iliyofuata tulirudi sale. Kura haikupigwa. Niliondoa makaratasi ukutani mimi mwenyewe, nikaomba radhi mbele ya wote, kwanza kwa Mama Feza. Akasema, "Kaa chini, andika." Huo njo musamaha wake.

Tukaandika mupango wetu. Jambo la kwanza: majina kila asubuhi, hata siku ya sikukuu, hata siku ya mukutano wa kujadili majina. Mafundisho yafuate mchana, kadiri ya nguvu zetu. Wageni wetu walisoma, wakatuandikia kwa adabu kwamba wametuelewa, ila proje wataipeleka kwa chama kingine. Pikipiki ikaenda. Nilisikitika siku moja, nisiseme uongo.

Sheria tunafundisha bado, kidogo kidogo. Mimi nafundisha bamama hapa hapa kwenye mashine wakingoja nguo zao. Na zamu yangu ya kasho ni Jumatatu na Alhamisi, sijakosa tena.

Nilichojifunza: niliita ile kazi maji kwenye kinu kwa sababu nilikuwa naihesabu kutoka upande wangu wa dirisha. Upande wa pili kuna muntu ambaye ni asubuhi yake ya kwanza. Kwake haijarudiwa hata mara moja.

Mwezi uliopita Mama Sifa alikuja Kalemie na samaki wakavu kwa ajili yetu. Akakaa kwenye duka langu, akaniomba nimutajie majina ya watu wote kumi na wanne, na kwenye kila mumoja anatoka. Nikamutajia. Akayarudia polepole mpaka akayashika.

Nikamuuliza ya nini.

Akasema, "Kila asubuhi nawaombea. Nilikuwa nasema tu 'wale watu'. Si vizuri. Muntu aitwe jina lake."

Nililia, wakuu, na nguo ya muteja mukononi.

Basi ni hayo. Mulio kwenye vyama, kwaya, vikundi vya aina yoyote: kuna kazi ndogo munayoichoka ambayo pengine muntu anaingojea mahali? Niambieni hapa chini. Wa kunisema kwa ile barua pia mukaribie, nastahili. Nitawajibu nikimaliza zamu, kesho ni Alhamisi.